Mahindi Ameyaleta Nani?

Kitenzi cha Kiswahili hubeba alama za watu na vitu vinavyohusika nacho. Mtu akisema sokoni Mfaranyaki, mjini Songea, kwamba "dereva ameyaleta mahindi", kiambishi a- mwanzoni mwa kitenzi kinamhusu dereva, na -ya- kinayahusu mahindi. Kila nomino imekwisha kufungwa kwa alama yake, hivyo hata ikihamishwa haipotei. Sentensi hiyo ya maneno matatu inaweza kupangwa kwa namna zote sita, na hakuna hata moja itakayomfanya msikilizaji adhani mahindi ndiyo yaliyomleta dereva.

Kinachobadilika ni mkazo. "Mahindi ameyaleta dereva" humjibu anayetaka kujua ni nani hasa aliyeyaleta. "Dereva mahindi ameyaleta" huacha shaka: pengine kuna kitu kingine ambacho hakukileta, risiti kwa mfano, au chenji. "Ameyaleta mahindi, dereva" humtaja mhusika mwishoni, jambo lenyewe likiwa limekwisha kusemwa. Mfanyabiashara wa nafaka huchagua kati ya hizi bila kusita, na sauti yake hupanda na kushuka kufuatana na chaguo lake. Hilo si kosa la mtu asiyejua sarufi. Ni upatanisho wa sarufi uleule unaompa nafasi ya kusema jambo kwa namna yake.

Nafasi hiyo ina mpaka. Katika "Juma amemwona Asha", wote wawili ni wa ngeli moja, na viambishi a- na -mw- vinaweza kumhusu yeyote kati yao. Majina yakibadilishana nafasi, wengi wataelewa kuwa Asha ndiye aliyeona. Anayetaka kuanza na Asha bila kuigeuza habari hulazimika kugusa kitenzi chenyewe: "Asha ameonwa na Juma." Alama zinaposhindwa kutofautisha wahusika, mpangilio wa maneno unashika hatamu.

Walioufaidi zaidi uhuru huu ni washairi. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake mwaka 1954. Shairi la tarbia la kimapokeo lina mistari minne kila ubeti. Kila mstari una mizani 16, iliyogawanywa katika vipande viwili vya mizani nane, na vina katikati na mwishoni. Masharti hayo yangekuwa magumu mno katika lugha isiyoruhusu maneno kuhama. Katika Kiswahili, "mahindi ameyaleta" ni mizani nane kamili na kina chake ni -ta. "Ameyaleta mahindi" ni nane vilevile, na kina ni -ndi. Mtunzi amepata vina viwili kwa habari ileile, hajaongeza neno wala kupunguza. Mizani ikizidi, kuna inkisari ya kufupisha neno. Ikipungua, kuna mazida ya kulirefusha. Hata ruhusa ya kukiuka ina jina na mipaka yake.

Miaka 20 baada ya kitabu cha Amri Abedi, diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilichochea ubishi mkali kwa kutofuata vina na mizani. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi. Wanamabadiliko wakajibu kuwa ushairi haukai katika hesabu ya silabi. Katika kelele hizo lilipita jambo ambalo lilistahili kutazamwa zaidi: Kezilahabi aliacha arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, lakini ngeli hakuziacha. Arudhi ni mkataba wa wasanii, na wasanii wanaweza kuuvunja. Upatanisho ni mali ya wasemaji wote.

Ngeli nazo zinachezeka. "Mzee" akiitwa "jizee" au "kizee", tayari msemaji ametoa hukumu. Kali zaidi ni kubadili upatanisho peke yake. "Kijana amekuja" ni taarifa tu. "Kijana kimekuja" ni dharau. Kinyume chake ni ka- ya mapenzi inayosikika sana katika mazungumzo ya Bara: "katoto kangu kadogo kamelala", na wakiwa wengi, "tutoto twangu tudogo tumelala". Lugha kadhaa za Bara, Kiyao cha Tunduru kikiwa mojawapo, zina ngeli hiyo ya ka- na tu-. Mwalimu huikata kwa kalamu nyekundu kwenye insha, na kwa mtihani wa Kiswahili sanifu yuko sahihi. Lakini anachokikata si fujo. Mtu akianza na ka- huenda nayo mpaka mwisho wa sentensi.

Shuleni ngeli hufundishwa zaidi kama orodha ya kukariri, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, na mara chache kama chombo cha kusemea. Mwanafunzi anatoka akiweza kuitaja ngeli ya "mahindi", ila hajaonyeshwa kwa nini muuzaji huyatanguliza.

Maneno mageni nayo hupita mlango huohuo wa sarufi. Wangoni walifika Songea katika karne ya 19 kutoka kusini mwa Afrika. Maneno yao kama nkosi, yaani mtawala, na nduna, msaidizi wake, yalibaki, lakini Kingoni cha leo kimejengwa zaidi juu ya sarufi ya lugha za majirani kuliko ile waliyokuja nayo. Kwa vijana wa simu mgeni ni "kuposti". Kitenzi chenye o kwenye mzizi kwa kawaida huchukua e kinaponyambuliwa: soma, somewa, choma, chomewa. Hata hivyo husikii mtu akisema picha yake "imepostewa". Husema "imepostiwa", kama ambavyo mtu huhojiwa wala "hahojewi", kwa kuwa kuhoji nalo ni neno geni, la asili ya Kiarabu, lenye i yake mwishoni. Kijana aliyesema hivyo kwa mara ya kwanza hakufundishwa na yeyote. Alilipanga neno jipya kwenye safu ya maneno ya Kiarabu yaliyoingia kabla ya babu yake kuzaliwa.