Mangi Mkuu Marealle na kura za Wachagga
Thomas Marealle, Mangi Mkuu (mtawala mkuu) wa Wachagga wa Kilimanjaro, asikumbukwe kwa ukoo wake tu. Ni kweli alikuwa mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, lakini umangi mkuu hakuurithi: Wachagga walimpigia kura, akasimikwa mwaka 1952. Kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa serikali aliyesoma London, tena akijua kuzungumza na Mwingereza bila kujipendekeza. Enzi zake Wachagga walikuwa na bendera yao, na kila Novemba 10 wakaadhimisha Siku ya Wachagga, huku kahawa ikisomesha watoto. Mwaka 1957 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia mustakabali wa Tanganyika.

Kilichomwondoa madarakani ni swali moja: kiongozi akae maisha yote, au achaguliwe kwa muda? Mwaka 1960 wananchi walewale waliamua kwa kura kwamba wanataka rais wa Wachagga wa kuchaguliwa, na Solomon Eliufoo akashika uongozi. Naiheshimu sana kazi ya Marealle, na uamuzi ule wa wananchi nauheshimu zaidi. Vijana wetu wafundishwe yote mawili.