Bunge la Upande Mmoja

Jumamosi moja muhula huu chama chetu cha mjadala kilikutana bwaloni. Hoja ikasomwa. Akasimama msemaji wa kwanza kuiunga mkono, kisha mimi, kisha wa tatu. Wapinzani hawakuja. Katika muda wa robo saa tulikwisha maliza, tukapiga makofi, tukaenda kulala. Kesho yake nilimwuliza mwenzangu hoja ilikuwa nini, naye hakukumbuka. Nami niliyesema nikatambua ya kuwa sikufikiri hata kidogo, maana hapakuwa na mtu wa kunijibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria Bunge letu.

Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja, TANU. Hata hivyo, katika majimbo mengi watu wawili wa chama hicho walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walichagua kwelikweli, hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, akashindwa. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi, CCM ilipata majimbo 186 kati ya 232, na vyama vingine vikagawana 46. Nasi wa Moshi Mjini, Pasua ikiwamo, tulikuwa na mbunge wa CHADEMA, Bwana Philemon Ndesamburo, tangu 2000 hadi 2015.

Lakini mwaka 2020 CCM ilipata majimbo 256 kati ya 264. Tarehe 29 Oktoba 2025 majimbo yalikuwa 272, CHADEMA haikuwamo katika uchaguzi, na chama kimoja kikachukua karibu viti vyote. Watu walikufa siku zile, nalo Taifa zima likahuzunika.

Wako wasemao, "Aliyeshinda ameshinda, na umoja ni nguvu." Nakubali kwamba mshindi hawezi kuombwa agawe viti vyake kama sadaka. Wala sisemi chama hiki ni kizuri na kile kibaya. Nauliza jambo moja tu: je, mpiga kura alikuwa na wa kumchagua? Mama yangu huuza ndizi katika soko la Pasua. Asema mwuzaji akiwa peke yake, hata ndizi zilizopondeka huzitia bei ya nzuri. Mnunuzi akiweza kwenda meza ya pili, kila mwuzaji huzipanga vema. Uchaguzi wa 1965 watufundisha ya kuwa hata ndani ya chama kimoja meza zaweza kuwa mbili. Na miaka ya karibuni yatufundisha ya kuwa hata penye vyama vingi meza yaweza kubaki moja.

Basi nashauri jambo. Katiba yetu yamtaka kila mgombea awe amesimamishwa na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa jirani Arusha, iliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja haki. Sheria na irekebishwe. Mwalimu mstaafu, mkulima wa kahawa au muuguzi anayeaminiwa na watu wake aweze kusimama kwa jina lake mwenyewe. Huenda washinde wachache tu. Lakini hao wachache watauliza maswali, na waziri ajuaye kwamba ataulizwa husoma kabla ya kusimama.

Mimi nina miaka kumi na saba. Mungu akipenda, nitapiga kura yangu ya kwanza mwaka 2030, nami nataka siku hiyo nikute majina ya kuchagua.

Kwa sasa nimemwomba mwalimu wa mjadala aniweke upande wa wapinzani Jumamosi ijayo. Amekubali. Nimekwisha anza kusoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne