MOYO WA UJAMAA HAUAMRIWI

Wananchi wa Karagwe na Kyerwa wanaijua butura. Mkulima aliyebanwa, mwana akidaiwa ada au mgonjwa akiwa kitandani, auza kahawa yake ingali maua mtini. Siku ya mavuno jasho ni lake, gunia ni la mwingine. Serikali imeipiga butura marufuku, na imefanya vema. Lakini twauliza: mbona haijafa?

Wako wasemao kuwa butura ni hiari ya mtu. Hiari gani ya mwenye kubanwa? Na wako wasemao kuwa amri yatosha. Amri yaweza kuzuia mkono wa mnunuzi. Haiwezi kujaza mfuko wa mwenye shida.

Mwalimu Nyerere alitufundisha mwaka 1962 kwamba Ujamaa ni moyo. Mwaka 1968 akaandika kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Hata hivyo, mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, hata kile ambacho wakulima wa kahawa wa Bukoba walikuwa nacho tangu 1950. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama. Imani ya mkulima hairudishwi na sheria.

Basi nia ya wote ni nini? Si kelele za wengi, wala si neno la mwenyekiti lililopigiwa makofi. Ni shauri ambalo mwenye mibuni ishirini alisimama akalisemea, akasikilizwa sawa na mwenye mibuni elfu, kisha akalitii, hata kama alishindwa, kwa kuwa ni lake pia. Pasipo nia hiyo, Ujamaa ni ubao tu mlangoni mwa ofisi.

Kyerwa ilipokuwa wilaya mwaka 2012, kahawa haikujua mpaka; wilaya zote mbili zilibaki na chama kikuu kimoja, KDCU. Umoja huo uanzie chini. Kila chama cha msingi kitenge akiba ya kuwakopesha wanachama katika miezi ya dhiki kabla ya mavuno. Hesabu zisomwe hadharani. Akina mama wapaliliao kahawa wawe na kura.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndugu mwanachama, mkutano ukiitwa, usikae nyumbani ukanung'unika. Nenda, useme, upige kura. Atakayekuua butura ni wewe na jirani yako.

UHURU NA UMOJA!