Mahali pa Kufulia Nguo Pawe Wapi?

Hapa Mandewa watu wanajenga. Ukipita asubuhi utaona matofali yamepangwa, mchanga umemwagwa, na mabati mapya yanang'aa. Tembe za wazee wetu zinazidi kupungua. Hilo ni jambo jema, kwa sababu nyumba yenye madirisha makubwa na sakafu ya saruji ni rahisi kuitunza. Lakini kuna jambo moja katika nyumba hizi mpya ambalo mimi silikubali. Ni chumba cha ndani cha kufulia nguo.

Jirani yangu mmoja alileta ramani ya nyumba aliyochorewa. Fundi akaitandaza juu ya tofali, akatusomea. Sebule hapa, vyumba vya kulala pale, jiko nyuma. Katikati ya jiko na chumba cha watoto palikuwa na kijichumba chenye dirisha dogo. Hicho ndicho cha kufulia.

Mama mwenye nyumba akauliza, "Fundi, maji ya kufulia yatakwenda wapi?"

"Yatapita kwenye bomba chini ya ukuta, mama."

"Yakishapita ukuta?"

Fundi alinyamaza. Baba mwenye nyumba akasema kwamba hayo yatajulikana mbele ya safari, sasa ni wakati wa kuchimba msingi.

Ndugu msomaji, swali la mama yule ni kubwa kuliko msingi. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nyumba yenye watu saba inatumia ndoo 6 kila siku ya kufua. Ndoo moja ni lita 20. Kwa hiyo 6 mara 20 ni lita 120. Wakifua mara mbili kwa wiki ni lita 240. Kwa wiki nne ni lita 960, yaani karibu lita 1,000 kila mwezi. Maji hayo yana sabuni, jasho, udongo, na kama kuna mtoto mchanga, yana mavi pia. Kama nyumba haina bomba la kupeleka maji machafu mbali, yote hayo yatalala nyuma ya ukuta wako. Yatalowesha msingi. Yatafanya dimbwi. Katika dimbwi la maji machafu huzaliana yule mbu anayependa uchafu, ambaye katika sehemu kama za pwani ndiye anayeeneza matende. Na watoto watalichezea, maana mtoto haoni dimbwi akalipita.

Chumba cha kufulia cha ndani kimetoka katika nchi za baridi. Kule Ulaya kuna miezi ambayo nguo ikianikwa nje haikauki, au inaganda. Kwa hiyo wao wana sababu ya kufulia ndani. Sisi Singida tuna jua karibu mwaka mzima, na mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Tuna upepo pia, upepo ambao kila mtu aliyewahi kufukuza kofia yake barabarani anaujua. Jua na upepo hatuvilipii hata senti. Kwa nini tujifungie chumbani?

Sasa wengine watasema, basi turudi kufulia kisimani kama zamani. Hilo nalikataa kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa mtoto, nyumba tatu za ukoo wetu zilichota maji katika kisima kimoja kifupi. Kando ya kisima palikuwa na jiwe pana. Akina mama walifulia juu ya jiwe hilo kwa sababu maji yalikuwa karibu na hakukuwa na haja ya kujitwisha ndoo. Nani angewalaumu? Lakini jiwe lilikuwa juu kidogo, kisima kilikuwa chini. Maji ya kusuuza nepi yaliteremka taratibu yakarudi pale pale tulipochota ya kunywa. Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, watoto wa nyumba zote tatu walianza kuhara damu. Tulipelekwa zahanati. Mdogo wangu wa mwisho hakupona. Siwezi kuapa kwamba ni jiwe lile lililotuletea ugonjwa, kwa kuwa hakuna aliyeyapima maji. Lakini kila nikiona mtu anafua kando ya kisima, mimi hulikumbuka.

Ndiyo sababu nasema kisima na mahali pa kufulia viwe mbali. Kwa choo cha shimo, mabwana afya wamekuwa wakitufundisha umbali wa mita 30 kutoka kisimani, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Mimi naona mahali pa kufulia nako pawe hivyo hivyo, na pawe upande wa chini wa mteremko. Wale waliohudhuria vikundi vya redio vya Mtu ni Afya mwaka 1973, au waliohadithiwa na wazazi wao, wanakumbuka mafundisho juu ya kuhara damu, kichocho, safura na malaria. Watu kama milioni mbili walikusanyika nchi nzima kusikiliza na kusoma. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Leo tunajenga nyumba za saruji, halafu tunatengeneza madimbwi mapya kwa mikono yetu.

Basi pawe wapi? Maoni yangu ni haya. Pawe nje, nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Pakiwa mbali sana mama ataacha kupatumia, ataweka beseni mlangoni, na kazi yako yote itakuwa bure. Jenga sakafu ndogo ya saruji, mita 2 kwa mita moja na nusu inatosha, na uiinamishe kidogo upande mmoja. Ukiweza, jenga karo la kusimamia, lenye urefu wa kufika kiunoni kwa yule anayefua. Mgongo wa mama nao ni afya. Juu yake weka kipaa cha bati upande mmoja tu, ili anayefua apate kivuli. Nguo zisianikwe chini ya kivuli hicho. Na kama una tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, karo lisiwe mbali nalo. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, mche mzima unakwisha kwa shuka mbili. Maziwa yetu ya Singidani na Kindai yanapendeza kwa macho, lakini nayo ni ya chumvi. Maji ya mvua yanaokoa sabuni.

Mwisho wa ule mwinamo chimba mfereji uende kwenye shimo. Shimo liwe na kina cha mita moja, lijazwe mawe na kokoto. Mawe Singida hatuyakosi! Ila mawe hayo hayo yanaweza kukudanganya. Sehemu nyingi za Mandewa ukichimba kidogo unakuta mwamba, na mwamba haunywi maji. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, chimba shimo dogo jioni, mwaga ndoo mbili, nenda kalale. Asubuhi ukikuta maji yamekwisha, mahali hapo panafaa. Ukiyakuta yamesimama, tafuta mahali pengine, au elekeza mfereji kwenye migomba na mipapai. Usielekeze kwenye mchicha. Na maji ya nepi zenye mavi, au ya nguo za mgonjwa anayehara, hayo yamwagwe chooni, si bustanini wala mferejini.

Angalia pia upepo. Kwetu kwa miezi mingi upepo hutoka mashariki. Kamba ya nguo ikiwa upande wa magharibi wa zizi, vumbi lote la samadi litatua kwenye shuka ulizofua.

Juu ya kuanika nina maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Wako watu wanaotandaza nguo chini, juu ya majani au mchanga, au kuzitundika kivulini. Yuko inzi mmoja anayetaga mayai yake katika mchanga na katika nguo mbichi kama hizo. Mayai huanguliwa, na mabuu yake madogo humwingia mtu ngozini anapovaa. Baada ya siku chache anapata kitu kama jipu, na ndani yake kuna mdudu. Watoto wachanga huteseka zaidi. Kinga yake ni kuanika kwenye kamba juani mpaka nguo ikauke kabisa, na kupiga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono. Pasi ya mkaa inafaa sawa na ya umeme.

Sasa niseme jambo ambalo wanaume wengi hatupendi kulitaja. Akina mama na binti zetu wana vitambaa vyao vya kila mwezi. Kwa aibu huvifua usiku na kuvianika chini ya godoro au nyuma ya mlango. Kitambaa hakikauki, kinabaki na unyevu, na unyevu hulea vijidudu. Baadaye mtu anawashwa na kuumwa, naye hasemi. Hawa hawana kosa. Kosa ni letu sisi tuliopanga nyumba bila kuwapa mahali penye jua pasipoonekana na wapita njia. Mabua ya mtama au ya alizeti tunayo. Zungushia ua pande mbili za mahali pa kufulia, urefu wa kichwa, ufunge kamba moja kwa ndani. Kazi ya siku moja. Baba asiulize kamba hiyo ni ya nini.

Wako watakaosema haya ni mambo ya kike na hayahusu ramani ya nyumba. Nitawakumbusha habari ya mama mmoja wa mji wa Liverpool, Uingereza, aliyeitwa Kitty Wilkinson. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia mjini kwao. Mama huyu alikuwa maskini, lakini alikuwa na birika kubwa la kuchemshia maji. Akawakaribisha majirani waje kwake wafue nguo na matandiko ya wagonjwa kwa maji ya moto. Mwaka 1842 mji ule ukafungua jengo la watu wote la kufulia na kuoga. Wakuu wa mji walifuata njia iliyoanzishwa na mfuaji nguo.

Jambo la mwisho ni dawa za kufulia. Mahali pako pa nje pasiwe ghala la dawa. Ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, na magadi makali ya kutengenezea sabuni, viwekwe juu ndani ya nyumba, katika chombo chake chenyewe. Usivitie katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Akishakunywa, usimtapishe, dawa iliyomchoma koo ikishuka itamchoma tena ikipanda. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue.

Jirani yangu amekwisha kuhamia. Kijichumba kilijengwa kama ramani ilivyosema, lakini mama hakukifulia hata mara moja. Leo kina magunia ya alizeti. Nje, chini ya mteremko, pana sakafu ya saruji aliyoitengeneza baba mwenyewe baada ya mavuno, na shimo la mawe. Ua wa mabua bado. Nilipomwuliza alisema anangoja mtama ukatwe.