Degedege Si Ugonjwa Mmoja

Mtoto akikakamaa na macho yakageuka, kijiji kizima hutoa hukumu moja: ana degedege. Mmoja hulaumu pepo, mwingine humlaumu jirani, wa tatu hukimbilia dawa ya malaria. Twasema hukumu hiyo ni ya haraka mno. Degedege si jina la ugonjwa. Ni dalili ya ubongo uliovamiwa, na wavamizi ni wengi.

Wa kwanza ni malaria kali. Huyo hutambulikana kwa tone la damu, na tiba yake ni sindano ya artesuneti. Wa pili ni homa ya uti wa mgongo, ambayo huhitaji kupimwa maji ya uti huo na kupewa antibayotiki bila kukawia. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Katika wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vijidudu vyake katika damu hawakufika nusu.

Kwa ndugu zetu wa Ndalambo, wilayani Momba, yuko na adui wa tatu: tegu wa nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Mbozi, wilaya ambamo Momba ilimegwa, ulikuta dalili za mabuu ya tegu katika damu ya watu wapatao 17 kwa kila 100 waliopimwa. Mtu humeza mayai yatokayo katika kinyesi cha mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe hasalimiki. Mabuu yakifia ubongoni, ubongo huvimba na mtu huanguka kifafa, mara nyingi bila homa. Dawa ya kuua mabuu hayo ikitolewa ovyo, bila picha ya ubongo wala dawa ya kutuliza uvimbe, huweza kumdhuru.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mzazi ampeleke mgonjwa zahanati saa ileile. Tabibu asipoona malaria asiishie hapo, bali ampe rufaa. Viongozi wahakikishe gari la rufaa lipo na lina mafuta. Nasi sote tuchimbe vyoo, tufungie nguruwe zizini, na tukatae nyama isiyokaguliwa.

Tangu Uhuru tumetangaza vita juu ya maradhi. Askari asiyemtambua adui yake hupoteza risasi, na mwishowe humpoteza mwenzake.