Tusigombanie chakula, tukitunze

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika katika nchi yetu. Mvua za El Niño zilikuwa nyingi mno. Miwa haikuweza kuvunwa vizuri. Viwanda vikatoa sukari kidogo. Serikali ilitangaza bei elekezi, lakini mahali pengi sukari iliuzwa kwa bei ya juu zaidi.

Upungufu huo ulikuwa wa kweli. Lakini hofu huongeza upungufu. Tupige hesabu. Kijiji kina kaya 50. Dukani kuna kilo 100 za sukari. Kila kaya ikinunua kilo 2, zote zimepata. Sasa kaya 10 zinasikia uvumi. Kila moja inanunua kilo 10. Sukari imekwisha! Kaya 40 zimekosa. Wenye pesa wamepata, na jirani zao wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Uji bila sukari unanyweka. Lakini bila unga hakuna uji. Je, unajua familia yako inahitaji mahindi kiasi gani kwa mwaka? Familia inayopika kilo 3 za unga wa dona kwa siku inahitaji karibu kilo 1,100. Hayo ni magunia 11 ya kilo 100. Yatenge magunia hayo kwanza. Yanayobaki ndiyo ya kuuza. Anayeuza yote wakati wa mavuno huuza kwa bei ndogo. Njaa ikibisha hodi, huyanunua tena kwa bei kubwa.

Mahindi uliyoyatenga yatunze hivi:

1. Yaanike juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo.

2. Hakikisha yamekauka. Chukua chupa kavu. Tia punje kidogo na chumvi kavu. Tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Anika tena.

3. Jihadhari na dumuzi. Mdudu huyu huyageuza mahindi kuwa vumbi. Tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ifunge vizuri. Wadudu hukosa hewa wakafa, bila dawa. Panya wasiitoboe.

4. Weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.

5. Usile mahindi yenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa.

Jikoni nako tuangalie. Pika kwa kipimo. Ugali uliobaki ufunike vizuri, uliwe mapema kabla haujachacha. Chakula kinachotupwa jalalani kimelimwa kwa jasho.

Ukisikia uvumi kwamba chakula kimekwisha, usikimbilie dukani. Nenda kwanza ghalani kwako, uhesabu magunia. Akiba haiozi, ikitunzwa.