Vifo Vyetu na Vihesabiwe

Katika vijiji vya Wilaya ya Rungwe hapana mtu afaye bila kujulikana. Kukitokea msiba, kazi za shamba husimama, majirani hukusanyika, na marehemu huzikwa nyumbani kwake. Hata hivyo, kifo hicho kijulikanacho na mamia ya watu huenda kisiandikwe kamwe katika daftari la serikali.

Huko England vifo vilianza kuandikishwa kiserikali mwaka 1837. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, mganga wa afya wa wilaya aliweza kutoa taarifa kila mwaka, akaonyesha ni watu wangapi waliokufa katika kila 1,000, na kwa maradhi gani. Halmashauri iliyopuuza maji machafu ilisomewa matokeo yake kwa tarakimu. Kwetu Tanganyika, sheria ya mwaka 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo haikuwalazimisha Waafrika.

Wako wasemao kwamba wastani wa taifa unatosha. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 43. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini Tukuyu, penye baridi na mvua nyingi, pako juu ya meta 1,500, na Kyela ya jirani, kando ya Ziwa Nyasa, ni bonde la joto ambamo malaria ina nguvu zaidi. Wastani mmoja hauwezi kumwongoza mganga wa mahali pote pawili.

Tuchukue mfano. Kijiji kina watu 2,000, na kwa mwaka wamefariki 20: kiwango ni vifo 10 kwa kila watu 1,000. Vikiandikishwa 8 tu, kiwango kitaonekana kuwa 4, na kijiji kinachohitaji zahanati kitadhaniwa kuwa na afya njema. Daftari pungufu husema uongo.

Walimu wa hisabati na baiolojia wawafundishe wanafunzi hesabu hii, nao wanafunzi waipeleke nyumbani. Katika kila msiba yuko achimbaye kaburi na yuko atekaye maji. Hapana budi awepo pia wa kwenda kuandikisha kifo, ili aliyefariki awasaidie walio hai.